Shahidi Mwenye Uzito

Je, yawezekana kukijua kitu kikiwa kazini bila kukibadilisha? Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa karne nyingi wakifikiria nafsi ya mwanadamu na maumbile. Siku hizi linamkabili pia fundi anayebuni kompyuta ndogo ya kufichwa ndani ya kifaa, iwe mita ya umeme, mashine ya hospitali au chombo cha angani. Mara nyingi kompyuta ya namna hiyo haina kioo wala kibodi. Kazi zake hupokezana prosesa moja mara nyingi kwa sekunde, na zikikwamishana, mtu wa nje huona matokeo tu: kifaa kimeganda, au kimejiwasha upya. Kwa kuwa bodi yake imebuniwa mahususi, haiji na zana za uchunguzi zilizokwisha tayarishwa. Fundi hana budi kuweka shahidi ndani yake, yaani programu ya ufuatiliaji inayoandika kazi ipi imeanza, ipi imekatizwa, na ipi inasubiri kufuli lililoshikwa na mwenzake. Shahidi huyo anahitaji saa ya kuaminika, nafasi katika kumbukumbu, na njia ya kutolea alichokiandika, na vyote vitatu anavichukua kwa huyo huyo anayemshuhudia. Hoja yangu ni kwamba uzito huo haubatilishi ushahidi wake. Kinachoubatilisha ni kujifanya kwamba haupo.

Uzito wenyewe unapimika. Njia rahisi kuliko zote ni kuiagiza programu ichapishe mstari wa maneno kila inapofika mahali fulani. Kwenye waya wa siriali wa biti 115,200 kwa sekunde, kila herufi kwa kawaida hutumia biti 10, hivyo mstari wa herufi 60 huchukua takriban milisekunde 5. Prosesa ya megahezi 100 hupiga mapigo nusu milioni katika muda huo. Programu ikilazimika kungoja mstari uishe, hitilafu iliyozaliwa na kazi mbili kugongana ndani ya mikrosekunde chache yaweza kutoweka, kwa sababu mmoja wa wagomvi amecheleweshwa njiani. Fundi akiufuta mstari, hitilafu inarudi. Ndiyo maana wafuatiliaji makini huandika namba chache tu, alama ya tukio na wakati wake, katika hifadhi ya duara ambamo rekodi mpya hufuta kongwe, kisha huziacha zisomwe baadaye. Gharama hushuka hadi mikrosekunde au chini yake, lakini haifiki sifuri. Hata prosesa zenye sakiti maalumu ya ufuatiliaji, ambayo karibu haigusi mwendo wa programu, hudai pini, nafasi ya silikoni na umeme.

Mapokeo ya dini yanamjua shahidi wa aina nyingine. Wakristo husoma katika Ufunuo habari za vitabu vitakavyofunguliwa siku ya hukumu. Waislamu wanaamini kwamba kila mtu ana malaika waandishi, Kiraman Katibin, waliotajwa katika Surat al-Infitar, wanaojua yote ayatendayo. Waandishi hao hawamchelewishi mja hatua wala hawamwibii pumzi. Mja akijirekebisha kwa ajili yao, ni kwa kuwa anajua anaandikwa, na badiliko hilo ni la hiari yake. Kwenye mashine mambo yamegeuka: programu haijui kwamba inaandikwa, haina haya wala hofu, lakini inabadilika kwa sababu mwandishi anaula muda wake. Tofauti hii inatuonyesha mpaka wetu. Ushuhuda usio na gharama ni wa Muumba na wajumbe wake. Sisi wengine, tukishuhudia, lazima tusimame mahali fulani na kuziba nafasi. Anayedai maarifa yasiyogusa kitu anadai cheo kisicho chake, na akikikosa hubakiwa na mawili: kukata tamaa ya kujua, au kujidanganya kwamba amezifuta nyayo zake zote.

Chombo cha Mars Pathfinder kinaonyesha njia ya tatu. Kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye, kilipokwisha kuanza kukusanya taarifa za hali ya hewa, kompyuta yake ikawa inajiwasha upya mara kwa mara. Dalili hiyo iliwahi kuonekana kabla ya kutua, lakini ilipotafutwa haikujirudia. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA huko California, waliendesha nakala ya chombo maabarani, ufuatiliaji wa mfumo endeshi wake, VxWorks, ukiwa umewashwa, mpaka hitilafu ikatokea mbele yao. Rekodi ikasema wazi. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshika kufuli. Kazi ya juu, inayogawa data, ilikuwa inalisubiri. Nazo kazi za kati, zisizolihitaji kufuli hilo hata kidogo, zilikuwa zinaipiku ile ya chini na kuinyima nafasi ya kulifungua. Mfumo ulipoona kazi ya juu haijamaliza kwa wakati, uliamuru kompyuta ianze upya. Tiba ilikuwa kubadili mpangilio wa kufuli, ili anayelishika arithi kipaumbele cha anayelingoja, na badiliko hilo likatumwa Mirihi kwa redio. Glenn Reeves, aliyeongoza kikosi cha programu za chombo hicho, ameeleza kwamba zana za uchunguzi ziliachwa ndani kwa makusudi, kwa imani kwamba kinachorushwa kiwe ndicho kilichojaribiwa.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapojibiwa. Wapo wanaosema shahidi abaki karakana na aondolewe kabla ya kifaa kuuzwa, kwa kuwa kumbukumbu ni fedha na mteja hakununua mwandishi. Lakini anayemwondoa shahidi mwishoni anauza kifaa kingine, chenye mwendo wa wakati ambao hakuna aliyewahi kuujaribu. Muuza duka mwaminifu hapimi mafuta hewani. Hupima kopo tupu kwanza, kisha hulitoa katika hesabu. Makosa yanayoishi ndani ya wakati hayasamehe uzembe wa kumwondoa shahidi. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwazidishia dozi wagonjwa 6 huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, kosa lilijitokeza pale mhudumu mzoefu alipohariri maelezo ya tiba upesi, ndani ya sekunde 8. Aliyepiga kibodi polepole hakuliona. Nancy Leveson na Clark Turner, katika uchunguzi wao wa 1993, walihimiza kwamba njia za kupata habari za makosa, kama vile rekodi za matukio, ziwekwe ndani ya programu tangu inapobuniwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hata shahidi wa kudumu huona alichoelekezwa tu, na fizikia ya Heisenberg inadaiwa kuthibitisha kwamba mtazamaji hawezi kujitenga na anachokitazama. Lakini Heisenberg alizungumzia mpaka uliomo katika maumbile, usiopungua kwa ustadi wa mtu. Mzigo wa ufuatiliaji ni suala la bajeti: hupimwa, hupunguzwa, na hutengewa fungu lake. Ama kuhusu upofu wa shahidi, dawa yake ni yeye kuutangaza. Mfuatiliaji LTTng, anayetumika katika Linux, hifadhi inapojaa na akalazimika kutupa matukio, huhesabu aliyoyatupa, na msomaji huambiwa pengo lilipo. Ushahidi unaotaja mapengo yake una thamani kubwa kuliko simulizi laini isiyo na ufa.

Kwa hiyo anayebuni kifaa ana wajibu wa kielimu kabla ya kuwa na wajibu wa kiufundi. Amchague shahidi kabla hitilafu haijatokea, ampimie muda na kumbukumbu yake, aandike ni nini hatakiona, amzuie asichukue siri za watumiaji zisizohusu kazi yake, kisha amwache ndani kifaa kinapotoka karakana. Akifanya hivyo hatakuwa amekijua kifaa kama Mungu akijuavyo. Atakuwa amekijua kama mwanadamu awezavyo kujua kitu kwa haki: akiwa ndani ya hesabu, pamoja na gharama ya kujua kwake.