Kile Kile au Kingine? Bastola ya Kale na Swali la Utambulisho

Bastola iitwayo Colt Single Action Army ilianza kutengenezwa mwaka 1873 huko Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Hadi utengenezaji wake uliposimama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilikwishatoka kiwandani zaidi ya 350,000. Wakusanyaji wa leo hugombea zile za mwanzo, na kila anayetaka kununua huuliza mambo mawili: bastola hii ni ipi, na ni ya mwaka gani? Ni maswali ya ufundi, lakini ndani yake limo swali kongwe la falsafa: ni nini kinachofanya kitu kiendelee kuwa kile kile?

Umri wa bastola husomwa kwanza kwenye nambari. Kiwanda kilianza na nambari 1 na kuendelea kwa mfululizo, kwa hiyo nambari humwongoza mtu kwenye mwaka. Ilikuwa ikigongwa kwenye fremu, kwenye kikingio cha triga na kwenye kitako cha mpini. Ushahidi wa pili ni tarehe za hataza ubavuni kushoto. Bastola za mwanzo zina mbili, 19 Septemba 1871 na 2 Julai 1872. Baadaye ikaongezwa ya tatu, 19 Januari 1875. Ushahidi wa tatu ni umbo. Fremu za zamani zina skrubu mbele inayoshika mhimili wa silinda, lakini katika miaka ya 1890 skrubu hiyo iliachwa, pakawekwa kishikizo cha springi kinachopita ubavu kwa ubavu. Bastola zilizonunuliwa na jeshi zina pia herufi za wakaguzi wa serikali, kama OWA za O. W. Ainsworth.

Mashahidi hawa sharti wapatane. Bastola yenye nambari ya mwaka 1874 haiwezi kubeba tarehe ya hataza ya 1875. Ikiibeba, basi ama sehemu imebadilishwa, ama kuna mkono ulioghushi.

Hata hivyo, kutopatana kwa nambari si dalili ya udanganyifu kila mara. Kuanzia mwaka 1895 jeshi la Marekani lilikusanya bastola zake za askari wa farasi, zenye mtutu wa inchi 7.5, likazikata mitutu hadi inchi 5.5. Nyingi zilifunguliwa, zikasafishwa na kuunganishwa upya bila kujali sehemu ipi ilitoka wapi. Ndiyo maana bastola moja ya kundi hilo, ambalo wakusanyaji huliita Artillery, inaweza kuwa na nambari tatu tofauti na bado ikawa halisi. Ikikutwa ya kundi hilo yenye nambari zinazolingana kikamilifu, mjuzi huichunguza mara mbili.

Hapo ndipo falsafa inapoingia. Mwandishi wa Ugiriki ya kale, Plutarch, alisimulia habari za merikebu ya shujaa Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kubadilisha mbao zilizooza, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Mwaka 1655 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu: je, kama mtu angeziokota mbao kuukuu na kuunda merikebu ya pili, ipi ingekuwa ya Theseus? Fundi wa jahazi hulijua swali hili kwa mikono yake, maana jahazi hubadilishwa ubao leo na mwingine kesho, lakini jina lake halibadiliki.

Majibu makuu ni matatu. La kwanza hutegemea mata: kitu ni chuma chake cha asili. La pili, lenye asili kwa Aristotle, hutazama umbo na kazi. Lakini nakala iliyotengenezwa jana ina umbo lile lile na hufanya kazi ile ile, wala hakuna anayeiita ya mwaka 1873. La tatu hutegemea historia isiyokatika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilichagua njia ya mkato kwa kuihesabu fremu kuwa ndiyo silaha yenyewe, na kuiita ya kale ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Hilo latosha mahakamani, lakini halimtoshi anayetafuta ukweli.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu zaidi. Bastola ya Artillery ni halisi kwa sababu kuchanganywa kwake ni tukio la kweli katika maisha yake. Ile iliyosuguliwa, ikapakwa rangi mpya na kugongwa nambari ili zilingane, huenda ina chuma kingi zaidi cha asili, lakini imenyang'anywa historia yake na kuvishwa ya uongo. Kubadilika hakuondoi utambulisho wa kitu. Kinachouondoa ni kuficha mabadiliko. Kwa hiyo anayetengeneza kitu cha kale na aandike alichokibadilisha, na anayekiuza na akiseme.