Nani Aruhusiwe Kumwambia Mwenzake Ale Nini?

Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, iko sheria iliyotungwa mwaka 1988 ambayo hadi mwaka 2020 ilimtaka kila atoaye ushauri wa lishe kwa malipo awe na leseni ya serikali. Leseni hiyo haipatikani kwa kuomba tu. Mtu hana budi kuwa na shahada ya chuo kikuu, atumikie saa 900 chini ya uangalizi, kisha afaulu mtihani. Mwaka 2017 mwanamke mmoja, aliyekuwa amehamia huko kutoka California ambako kazi yake haikudai leseni, alitozwa faini ya dola 500 pamoja na gharama za uchunguzi kwa kuwashauri watu namna ya kula. Mpelelezi alijifanya mteja. Mama huyo alipodai mahakamani kwamba amenyimwa uhuru wa kusema, mahakama ya rufani ilimkatalia mwaka 2022: sheria, waliona majaji, yatawala kazi, na maneno yaguswa njiani tu.

Mwalimu wa lugha hawezi kupita hapo bila kusimama. Maneno yale yale, "punguza wanga, ongeza mboga", yakitoka bure kinywani mwa shangazi ni mapenzi. Yakilipiwa, yalikuwa kosa. Fedha imeyabadilisha nini? Ukweli wake haukuongezeka wala haukupungua. Kilichobadilika, nadhani, ni sikio la msikilizaji. Tumpaye fedha twampa na imani. Shangazi twaweza kumcheka tukaenda zetu.

Na imani hiyo yaweza kuua. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi akishauriwa kula ndizi na maharagwe kwa wingi, vyakula ambavyo kwa mwenye afya ni neema, madini ya potasiamu yaweza kurundikana katika damu yake hata moyo ukasimama. Mshauri hakukusudia ubaya. Hakujua tu la kuuliza. Kwa hiyo siwezi kuungana na wasemao kwamba neno halimdhuru mtu.

Lakini si kila aulizaye habari ya chakula ana figo mbovu. Wengi ni wazima watakao kupunguza unene kidogo. Kuwafungia hawa mlango kwa shahada na mtihani ni kuilinda kazi kuliko kuwalinda wao. Wala si jambo dogo kwamba aliyepeleka mashtaka yale alikuwa mwenye leseni. Tena gharama ya masomo marefu hatimaye humwangukia mteja, na maskini hurudi kwa shangazi.

California imeshika njia nyingine: imelinda jina la cheo, ikayaacha mazungumzo. Asiyesajiliwa asijiite aliyesajiliwa, bali kusema na aseme. Njia hiyo naipenda zaidi, ingawa yategemea kwamba watu wayajua majina. Kiingereza kina majina mawili ya washauri hawa, moja lenye ulinzi na jingine ambalo katika jimbo hilo yeyote aweza kulivaa, na wenye lugha wenyewe huyachanganya. Sisi twasema "mtaalamu wa lishe" kwa wote wawili. Kabla ya kuiga sheria ya namna hiyo tungehitaji neno la pili, nami sijaliona bado katika kamusi nizitumiazo darasani.