Miti Imefanya Nini?

Nairobi imekaa digrii moja na ushei kusini mwa ikweta, na mchana wake hauna siri: jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile, Januari hadi Disemba. Mti wa hapa hauna wa kuuambia kwamba mwaka unazeeka. Kule Minnesota, walikohamia ndugu zetu wengi, habari hiyo huletwa na usiku unaorefuka. Mti ukishaipata, huacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayoulisha, na manjano iliyokuwa imefunikwa tangu jani lichipue ikajitokeza. Nyekundu ndiyo hutengenezwa upya, dakika za majeruhi. Kila Oktoba binamu yangu aliye huko hunirushia picha kwenye simu: njia nyembamba ya miguu katikati ya mbuga, nyasi zimepita kimo cha mtu na zimegeuka rangi ya shaba, mialoni myekundu kwa mbali. Halafu huniuliza kama nasi huku tuna kitu cha namna hiyo.

Tunacho, ila chetu kinaanzia mwisho. Mjakaranda hupukutisha majani yake wakati wa baridi kavu ya Julai na Agosti, ukabaki mifupa mitupu. Kisha, tone la mvua ya vuli likiwa bado halijaanguka, unavaa maua ya zambarau juu chini, na majani yanafuata nyuma. Oktoba ile ile, binamu yangu anautazama mwaka ukifa, mimi nautazama ukijiandaa kuzaa. Ndiyo maana siwaamini sana wanaosema kwamba rangi za msimu zina maana yake yenyewe, eti chochote kikidondoka mtini moyo wa binadamu popote alipo lazima ukumbuke kaburi. Mtu wa Lindi, hapa Kibera, akiona barabara imetandikwa zambarau hakumbuki kaburi. Anakumbuka mabati yanayovuja, na kwamba amebakiza wiki chache za kuyaziba.

Lindi yenyewe sijaona mjakaranda ndani yake. Mti unataka mahali pa kusimama, na huku mlango unatazamana na mlango, katikati mtaro. Anayetaka rangi hana budi kutoka. Mimi huteremka upande wa Silanga hadi Bwawa la Nairobi, nikalizunguka na kutokea Mbagathi, nikapanda Upper Hill ya mabenki na hospitali, nikashuka Uhuru Park, na kutoka hapo hadi Barabara ya State House na viunga vya Chuo Kikuu, ambako mijakaranda imepandwa kwa safu. Si njia ya watalii. Lakini kama ni rangi, zinaanza mapema kuliko mtu angedhani, na zinaanzia mahali pachafu.

Bwawa lilijengwa mwaka 1953 ili kuongeza maji ya mji, na baadaye watu wenye nafasi wakaendesha mashua za tanga juu yake. Leo unaweza kusimama ukingoni usiyaone maji. Gugumaji limeyameza. Likichanua, linachanua zambarau, karibu ile ile ya mjakaranda. Ukichuchumaa na kulitazama ua moja moja, petali ya juu ina doa la manjano lililozungushiwa buluu iliyokolea, kazi safi mno kwa mmea unaoishi kwa kinyesi chetu. Kwa kweli ni kinyesi hasa: mitaro ya mtaa inaishia humo, na gugumaji hunenepa kwa mbolea ya namna hiyo.

Mimea yote miwili ni wageni kutoka Amerika ya Kusini. Mmoja uliletwa ukapandwa kandokando ya barabara za wakubwa, na mpaka leo magazeti huuchapisha picha kila Oktoba. Mwingine umelaaniwa tangu ulipoanza kulifunika Ziwa Viktoria miaka ya tisini inaingia, na majirani zangu waliotoka Kisumu hawahitaji kuelezwa ulivyowafanyia wavuvi. Rangi ni moja, hadhi mbili. Nikiwa pale ukingoni najiuliza kama kweli macho yangu ndiyo yanayopenda mjakaranda, au nimefundishwa. Jibu langu, kwa sasa, ni kwamba ua la gugumaji ni zuri, na papo hapo ni hati ya mashtaka, na mtu mzima anapaswa kuweza kushika yote mawili bila moja kulifuta jingine. Anayeona uzuri tu pale bwawani hajawahi kuishi kando yake. Anayeona uchafu tu, naye kuna kitu amenyang'anywa.

Jumapili moja nilipokuwa natoka, mama mmoja anayekaanga mandazi karibu na msikiti alinisimamisha. Hapa kwetu mtu akipita mapema amevaa viatu vya kutembelea, ni haki yake kuulizwa.

"Safari ya wapi, baba?"

"Naenda kuangalia miti, mama."

Akageuza mandazi yake. "Imefanya nini?"

Tulicheka, lakini maswali yale mawili yalinifuata hadi Mbagathi. Lindi nzima inatembea. Saa kumi na moja alfajiri reli inajaa watu wanaokwenda Industrial Area kwa miguu kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula nusu ya kibarua. Hakuna asiyejua kutembea. Kisichojulikana ni kutembea pasipo shughuli, kuwa mahali bila ya kutumwa na mtu au njaa. Na hilo, nadhani, halikutokea kwa bahati.

Mji huu ulijengwa juu ya swali la "unaenda wapi". Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha: mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi zake ndani ya kibati kilichoning'inia shingoni, zikisema yeye ni nani na anamfanyia nani kazi. Asiye na mwajiri alikuwa mzururaji, na uzururaji ulikuwa kosa. Mwezi wa Machi 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, mmoja wa waliokuwa wakikipinga kipande hicho, aachiliwe. Wakapigwa risasi, serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Mahali pale leo kuna barabara yenye jina la Thuku, ubavuni mwa Chuo Kikuu, na matembezi yangu ya kutafuta zambarau hunifikisha hapo hapo. Kipande kiliondoka kabla ya uhuru. Sheria ya uzururaji tuliirithi, tukaitunza hadi 1997. Na hata sasa kijana wa Kibera akisimama chini ya mti katikati ya mji bila kununua wala kuuza, askari wa kanjo au polisi akipita atamwuliza lile lile swali la mama wa mandazi, ila si kwa kicheko.

Kwa hiyo mijakaranda ile ilipokuwa inapandwa, mtu wa rangi yangu aliruhusiwa kupita chini yake akiwa na kazi ya kufanya. Kuitazama hakukuwa kwenye orodha. Tangu nilifikirie jambo hili nimeacha kuyaona matembezi yangu kama starehe ndogo ya mtu aliyekosa la kufanya. Ni kudai kitu. Wangari Maathai alipopinga mwaka 1989 jengo la ghorofa 60 lisimeze Uhuru Park, aliitwa kila jina, na wengi wanakumbuka ushujaa wake mbele ya serikali ya siku zile. Mimi nakumbuka zaidi alichokuwa anakilinda: majani ya kulalia mtu asiye na pesa mfukoni. Karura unalipa kuingia, vilima vya Ngong unalipa. Sisemi walinzi wa misitu wasilipwe. Nasema tu kwamba ada ya geti ni ile ile "unaenda wapi", imevaa sare mpya.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na kwa kawaida methali hiyo ni utetezi wa mwenye kuchungulia. Naiazima kwa kazi nyingine. Ardhi huku imegombewa: jamii ya Wanubi walitengewa Kibera ekari 4,197 mwaka 1918, na mwaka 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Zilizobaki ni historia ya machozi ambayo wazee wao wanaieleza vizuri kuliko mimi. Hapa Lindi wengi wetu ni wapangaji wa chumba kimoja. Ila kuona hakujapata mwenye nyumba.

Najua nitaambiwa nini. Kwamba maneno haya ni ya mtu aliyeshiba, kwamba anayewaza unga hana haja na maua. Siwezi kulibeza hilo. Kuna asubuhi nimepita chini ya miti hiyo hiyo nikiwa na deni kichwani na sikuona hata tawi. Njaa hainoi macho, tusidanganyane. Lakini wanaolisema sana si wale wanaolala njaa. Ni watu wanaotusemea, wenye magari, wanaotupita pale Ngong Road ilipopanuliwa na miti mingi ya kando ikakatwa ili wao wafike mapema kidogo.

Jirani yangu ni fundi wa mjengo. Msimu uliopita alikuwa kwenye ghorofa moja Kileleshwa, na ili nyumba hiyo isimame, kwanza waling'oa mjakaranda uliokuwa kwenye kiwanja. Yeye mwenyewe alishika kamba ukiangushwa. Huenda kazini kwa miguu, mwendo wa saa nzima na zaidi. Kuna njia ya mkato anayoijua kila kibarua. Mwezi wa Oktoba haifuati. Anazunguka kwa barabara iliyobakiwa na miti, dakika kama kumi zaidi, na jioni anarudi na ua limenasa kwenye kofia ya plastiki bila habari. Nilimwuliza kwa nini anajiongezea safari. Akasema njia ile ina kivuli.

Saa kumi na mbili asubuhi, kivuli cha nini?