Mandazi ya Mgao

Krismasi iliyopita hapa Nyarugusu niliuza kilo mbili za unga wa mahindi wa mgao, nikanunua unga wa ngano, sukari na hamira. Mafuta nilikuwa nayo, yale yale ya mgao. Nikakaanga mandazi, nikayafunga matano matano, nikawapelekea majirani: mama Mrundi wa nyumba ya pili, dada aliyenishika mkono nilipojifungua, na mzee anayeishi peke yake.

Mfanyakazi mmoja wa shirika akaniuliza, kwa upole tu: "Mama, chakula hiki kimepimwa kiwatoshe mwezi mzima. Mbona unakigawa?"

Siku ile sikumjibu. Kusema kweli, hoja alikuwa nayo. Kabla ya mgao uliofuata tulikula mara moja kwa siku, siku tatu. Tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa, lakini tumbo lililolipa halikuwa langu peke yangu, na watoto sikuwauliza.

Ila nami nina swali. Mtu anayepokea tu, mwaka hadi mwaka, kwa kadi na foleni, ni jirani wa nani? Anayetuma mgao simjui. Siwezi kumrudishia kitu. Mzee yule alipokea mandazi kwa mikono miwili, na kesho yake akapiga hodi na fungu la mchicha.

Kwa hiyo nitapika tena. Safari hii nimewauliza wanangu kwanza. Mdogo akafikiri, akasema: "Tupike, mama, ila tufunge matatu matatu."

Tumekubaliana.