HOTUBA YA IJUMAA: EKRA YA DOLA 220

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, enyi waja wa Allah, najihusia nafsi yangu kwanza, kisha nawahusia ninyi, tumche Allah katika siri na katika dhahiri, na tumche katika mali aliyotukabidhi.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa msikiti wetu hapa Lubumbashi alinifuata baada ya sala ya Isha. Ni fundi wa simu, bado hajaoa, anakaa na mama yake na wadogo zake wawili. Amenipa ruhusa nieleze habari yake bila kumtaja jina. Akaniuliza: «Shehe, nimeweka dola 220 kwa miezi kumi. Nataka kununua ekra mpya ya kompyuta, ile ya kuchezea michezo, inayobadili picha haraka sana. Je, ni haramu?»

Nitasema ukweli, kwa maana niko juu ya mimbari. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na halikuwa jibu la upole. Kisha nikajiuliza: unahukumu kitu gani, wewe Shehe? Mimi nimesomea chuo cha Qur'ani, kwa ubao na wino. Ekra siijui. Nikamwambia: «Mwanangu, Jumamosi baada ya Alasiri nitakuja kwako unionyeshe.»

Nilikwenda. Alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Ekra ya kawaida hubadili picha mara 60 katika sekunde moja. Ile anayoitaka hubadili mara 144, na ziko nyingine za mara 240 na zaidi. Kwa hiyo katika ekra ya kawaida picha moja hukaa karibu sehemu 17 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Katika ile ya 144 hukaa karibu sehemu 7. Katika ile ya 240, karibu 4. Katika mchezo wa kupigana risasi, adui anaonekana mapema kidogo, na mwendo wake hauchafuki machoni. Si uongo wa wauzaji, tofauti ipo. Lakini angalieni hesabu: ukitoka 60 kwenda 144 unapata sehemu 10. Ukitoka 144 kwenda 240 unapata 3 tu, na bei inapanda tena. Nikasema moyoni, hivi ndivyo dunia inavyotuuzia vitu vyake vyote.

Nikamwuliza swali la mtu asiyejua: «Na mashine yako inachora picha ngapi kwa sekunde?» Maana ekra haichori yenyewe, inaonyesha tu kile kinachochorwa na kompyuta. Akabonyeza hapa na pale, tukaona: katika mchezo anaoupenda, mashine yake inachora 70, mara nyingine 55. Akanyamaza. Ndugu zangu, huko ni kununua sufuria ya watu thelathini wakati una unga wa watu wanne. Ekra ingefika leo, kesho ingedai kipande kipya cha kuchora picha, nacho kingedai mashine yenye nguvu zaidi, na juu yake regilateri, kwa sababu umeme wetu mnaujua ninyi wenyewe. Katika sura ya At-Takathur Allah anatueleza watu walioshughulishwa na kuzidishiana mpaka wakafika makaburini. Nilikuwa nikidhani sura ile inasema juu ya matajiri wa migodi. Kumbe iko pia katika chumba cha fundi wa simu.

Akanipa kisa cha rafiki yake, nami nawapa ninyi. Rafiki huyo aliletewa ekra ya 144 kutoka Dubai. Miezi sita anawaita vijana waje kuiona, anawaambia: tazameni inavyoteleza. Siku moja kijana wetu alifungua mipangilio ya kompyuta, akakuta imewekwa kwenye 60 tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeibadilisha. Miezi sita alikuwa akiona tofauti isiyokuwepo! Mnacheka, na mimi nilicheka. Halafu nilipokuwa njiani kurudi nikakumbuka jambo langu mwenyewe. Mwaka 2014, kabla sijapewa mimbari hii, Kombe la Dunia lilipochezwa Brazil, nilinunua televisheni kubwa. Nilimwambia mama watoto kwamba ni kwa ajili ya habari. Mechi za saa kumi na mbili za jioni ziliniponyoka na sala ya Isha ya jamaa, si mara moja wala mbili. Basi wazee wenzangu, msigeuke kumtazama kijana aliyekaa nyuma. Kuna aliyenunua viti vya sebuleni ambavyo watoto wake hawaruhusiwi kuvikalia. Kuna aliyeoza binti yake kwa deni la miaka mitatu ili watu waseme.

Turudi kwenye swali. Je, ni haramu? Asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Furaha nayo si dhambi. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mama yetu Aisha, na Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wake, akamwacha Aisha atazame mpaka atosheke. Siwezi kumwambia mtu kwamba ekra ni haramu kwa sababu tu mimi ni mzee. Ila wakicheza wakiweka pesa, wa kwanza abebe franka za wenzake, hiyo ni kamari, na Allah ameikataza pamoja na ulevi katika sura ya Al-Maida. Hapo hata ekra ya kuokota haifai. Na anayeinunua kwa mkopo wa riba, hukumu yake mnaijua.

Lakini jambo la halali nalo lina mizani. Katika sura ya Al-Furqan Allah amewasifu waja wake ambao wakitoa hawafuji wala hawafanyi ubahili, wanasimama katikati. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba siku ya Kiyama mja hataondoka mahali pake mpaka aulizwe juu ya umri wake na juu ya mali yake, aliipata wapi na aliitumia katika nini. Mali maswali mawili! Tajiri wa mamilioni na mwenye dola 220, wote wawili wataulizwa.

Nikamwuliza: «Una deni?» Akatazama chini. Ana deni la dola 80 kwa fundi mwenzake, tangu mwaka jana. Mwenzake anaona haya kumdai, kwa sababu wanakaa meza moja sokoni. Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopata jibu ambalo sikulipata katika hesabu ya picha. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiletewa jeneza huuliza kwanza: ana deni? Na lilipokuwepo deni lisilo na malipo, aliwaambia sahaba wamsalie, yeye mwenyewe akakaa kando, mpaka Allah alipomfungulia mali akawa analipa yeye. Mtu asiyekudai kwa sababu ya haya hajakusamehe. Anakutazama kila asubuhi ukifungua simu za watu, na siku atakaposikia umeweka ekra mpya nyumbani, atajua haki yake umeiweka wapi.

Nikauliza tena juu ya wadogo zake. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, na mdogo wa mwisho yuko huko. Lakini dada yake yuko sekondari, na minervali ya muhula haijalipwa. Mama anauza mkaa ili kuitafuta. Kijana alisema hakujua kwamba haijalipwa. Namsadiki. Ndivyo wanavyofanya mama zetu, hawasemi.

Mwisho nikauliza: unalala saa ngapi? Akasema saa nane za usiku, mara nyingine saa tisa, maana usiku umeme unatulia. Na Alfajiri? Hakujibu, nami sikumkaza. Salman alimwambia Abu Dardaa kwamba mwili wako una haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako. Tena yule alikuwa akikesha kwa sala, si kwa mchezo.

Hapa nataka kusema na ninyi mnaouza vitu hivi, mnaovipitisha Kasumbalesa. Mnajua kwamba mashine ya mteja haiwezi kuilisha ekra ile. Mnajua ile iliyotumika ina nukta zilizokufa pembeni, mnaiwasha ikiwa na picha nyeusi ili zisionekane. Mtume (S.A.W.) amesema kwa maana hii, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa katika biashara yao, na wakificha, baraka inafutwa. Mwulize mteja ana mashine gani. Utapoteza dola ishirini leo.

Nilimwachia kijana aamue mwenyewe. Nilimwambia ashauriane na mama yake, kisha asali rakaa mbili za istikhara, kwa sababu Mtume (S.A.W.) aliwafundisha sahaba istikhara katika mambo yote, na dola 220 za fundi wa simu ni katika mambo.

Jana baada ya Magharibi alikuja. Dola 80 zimerudi kwa mwenyewe. Anasema mwenzake alizihesabu mara mbili, kisha akamnunulia chai. Minervali imelipwa, dola 75. Zimebaki 65. Akaniuliza: «Shehe, nikizijaza tena, na mashine nikiitengeneza kwanza, ninunue?» Nikamwambia: «Nunua, mwanangu, hiyo ya 144. Na siku ya kuiwasha uniite, nije nihakikishe haiko kwenye 60.»

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Allah msamaha kwa ajili yangu, yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.