Stara na Niaba

Mtu wa Mombasa akiulizwa kwa nini haonekani barazani siku hizi, na nyumbani kwake akawa na mgonjwa, hujibu neno moja tu, "nauguza," na wenziwe wakamwia radhi papo hapo pasina kudai maelezo. Kitenzi hicho kimezaliwa na kuugua, na yamkini ndiyo maana husikika ndani yake kwamba anayemhudumia mgonjwa naye ameingia katika ugonjwa, hapati usingizi, wala tonge halimshuki. Kisha zilipokuja hospitali, kutokana na kitenzi hicho hicho tukampata muuguzi, mtu wa sare, cheti na mshahara. Hivyo lugha ilikwisha kuwaketisha binti na mwajiriwa mkeka mmoja kabla hatujaanza sisi kubishana kama yafaa, mzazi anapolemewa na maradhi, kumwingiza nyumbani mtu wa ujira amwuguze.

Nami sikuwa nimejishughulisha na mas'ala haya hata mamangu alipopatwa na kiharusi, kikamwachia upande wa kulia mzito kama mzigo wa mtu mwingine. Dada zangu wako ng'ambo, mmoja Muscat na mmoja Leicester, na nyumbani tulisalia yeye na mimi. Asubuhi ya kwanza nilichukua beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa, nikaketi ubavuni pa kitanda chake kwa nia safi kabisa ya kutimiza haki ya mzazi, na nilipounyoosha mkono kuilegeza leso yake, aliikamata kwa vidole vya mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaikaza kifuani, akageuza uso ukutani. Hakusema kitu. Maji yakapoa.

Habari zilipoenea mtaani kwamba natafuta mhudumu wa kulipwa, mzee mmoja ninayemstahi sana aliniambia, "Mwanangu, radhi hazinunuliwi," na maneno yale yalinichoma kwa kuwa nilikuwa nikijiambia hayo hayo. Hoja yake haikuwa ya kudharauliwa. Qur'ani yaamrisha wema kwa wazazi mara baada ya kuamrisha kuabudiwa Mungu peke yake, na yakataza hata kuwaguna wanapofikia uzee. Basi ni nani atakayesema kwamba wema uliowekwa karibu kiasi hicho na ibada si wajibu wa nafsi ya mtoto mwenyewe? Lakini wajibu wa nafsi una hukumu yake na kazi ya mikono ina hukumu yake, na fikihi yetu imezoea kuyapambanua haya: sala haina mwakilishi, kila mtu huinama kwa mgongo wake, ilhali hija, ambayo ni nguzo kama sala, mtu asiyejiweza huhijiwa kwa niaba. Nikajiuliza ni kipi katika kumwuguza mzazi kilicho mithili ya sala, na kipi kilicho mithili ya hija.

Na sisi watu wa pwani tuna sababu chache mno za kujifanya hatuujui ujira katika mambo ya ndani. Mkunga huitwa, akapokea mtoto na takrima yake. Kungwi humfunda mwari yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka, na haya hiyo ndiyo iliyomweka kungwi duniani. Sira hutusimulia kwamba Mtume mwenyewe alinyonyeshwa jangwani na Halima wa Banu Saad, mmoja wa wanawake waliokuja Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa malipo, na sijapata kumsikia mtu akisema kwamba Bi Amina alimtupa mwanawe. Tena hata siku ya mwisho, mamangu atakapooshwa, watamwosha wanawake, nami mwanawe nitangoja nje ya pazia; sasa iweje lile nitakalokatazwa kwa heshima yake akiwa maiti nilazimishwe kwa heshima yake akiwa hai?

Ile leso iliyokazwa kifuani ndiyo iliyonirudisha kwenye neno stara. Mimi namkumbuka mama akiwa amesimama jikoni, akiniamuru niende kisimani, na kumbukumbu hiyo haivuki kizingiti cha chumba chake bila kumpima: kila nimtazamapo, huona katika macho yangu alivyokuwa. Mgeni hamkumbuki, na kwa kutomkumbuka humsitiri.

Ila si kila mgeni. Wa kwanza tuliyeletewa na wakala mmoja wa hapa mjini alikuwa msichana wa kazi za nyumbani aliyevishwa koti jeupe, na siku ya pili alimvuta mama kwa ule mkono mgonjwa ili amketishe, bega likamwuma majuma matatu. Kwani misuli inayolishika bega la mtu wa kiharusi imelegea, na uzito wa mkono wenyewe tu waweza kuutoa mfupa mahali pake. Wa pili alikuwa amesomea. Alimwamkia mama kwa shikamoo, akamwambia anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, kisha akaweka kiganja kimoja nyuma ya bega na kingine nyongani, akamgeuza kama mtu afunuaye ukurasa. Akatazama visigino na mwisho wa uti wa mgongo kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, maana asiyegeuzwa kila baada ya saa 2 huota vidonda vya kulala. Na uji hakumpa mpaka amekaa wima, kijiko kimoja, angoje kimezwe, ndipo cha pili. Saa 2 maana yake ni mara 12 usiku na mchana. Niliipiga hesabu hiyo nikaona mtoto mmoja, awe na mapenzi ya namna gani, ataanguka kabla ya mwezi kwisha.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 57, yampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali pamoja. Upande wa familia ninaujua, nami huupokea kila mwezi kwa simu kutoka Muscat na Leicester.

Jambo ambalo sina udhuru nalo ni kwamba sisi ndugu watatu tulishauriana siku nyingi juu ya gharama, radhi, na maneno ya watu, bila ya hata mmoja wetu kumwuliza mwenye mwili. Nilipomwuliza hatimaye, ulimi wake ungali mzito, alikawia, kisha akasema, "Kuosha, yeye. Wewe kaa, uniambie habari za mji." Basi mhudumu anapochukua beseni mimi hutoka barazani, na anapofungua mlango huingia na kahawa, nikamweleza mama nani kaoa, jahazi gani limetia nanga na samaki wamepanda bei kiasi gani, naye hunisahihisha nasaba za watu.

Kucha hakumwachia. Ijumaa asubuhi huniita, nami huja na wembe na kitambaa. Kwa kuwa hukatwa kwa kuanzia kulia, huuinua ule mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya paja langu.