KUMTEGEMEA MWENYEZI MUNGU: MAZINGATIO KATIKA KISA CHA MFALME TALUTI

Neno kutawakali limezoeleka sana midomoni mwetu. Afungaye safari hulisema, afunguaye duka hulisema, na baba anayekataa kumpeleka mwanawe mgonjwa kwa daktari naye hulisema: "Sisi tumetawakali." Wawili wa mwanzo wamelisema hali miguu yao inakwenda, huyu wa tatu amelisema ili miguu yake isiende. Nasi hatuoni kuwa neno moja la dini laweza kubeba maana mbili zinazopingana namna hii, na mtoto ndiye anayelipia tofauti yake.

Basi tumependa kulitazama jambo hili katika kisa cha Taluti, mfalme wa Wana wa Israili, ambacho Mwenyezi Mungu amekieleza katika Suratul-Baqara, tangu aya ya 246 mpaka ya 251. Aya hizi ni sita tu, na wengi wetu tumezihifadhi tangu chuoni; walakin kuhifadhi ni kitu, na kuzingatia ni kitu chengine.

Kisa chaanza baada ya zama za Nabii Musa (A.S.). Wana wa Israili walikuwa wametolewa majumbani mwao na kutengwa na watoto wao. Wakubwa wao wakamwendea Nabii wao (Qur'ani haikumtaja jina, na wafasiri wengi wasema ni Shamwili) wakamtaka awasimamishie mfalme wapate kupigana chini yake. Nabii yule akawauliza kama hawatarudi nyuma pindi wakifaradhiwa vita. Swali hilo liliwachoma: vipi wasipigane, nao wamefukuzwa makwao? Lakini vita vilipofaradhiwa wakageuka, isipokuwa wachache. Huo ni mchujo wa kwanza, na adui bado hajaonekana.

Alipotajwa Taluti kuwa ndiye mfalme, hawakuuliza kama ni mcha Mungu wala kama ni shujaa. Walisema wao wana haki zaidi ya ufalme, na kwamba yeye hakupewa wasaa wa mali. Wakajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu amemteua, na amemzidishia upana wa ilimu na wa kiwiliwili. Hata pale ambapo Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyechagua, amechagua mtu mwenye vyombo vya kazi yake: akili ya kuendesha vita, na mwili wa kuvistahimili. (Na wale wanaochagua msimamizi wa msikiti kwa kuhesabu nyumba zake za kupangisha, na waisome aya hii mara mbili.)

Kisha wakapewa alama: litawajia Sanduku, yaani Tabuti, ndani yake mna utulivu utokao kwa Mola wao na mabaki ya waliyoyaacha watu wa Musa na watu wa Haruni, hali limechukuliwa na Malaika. Hapa ndipo wafungaji wa hirizi wanaposhika hoja yao, wakasema: mwaona, kitu hubebwa kikaleta nusura! Nasi twawajibu kwa khabari ya Sanduku lile lile. Vitabu vya Wayahudi na Wakristo vyaeleza, na wafasiri wetu wamesimulia mfano wake, kwamba kabla ya zama za Taluti Wana wa Israili walishindwa vitani, wakaona dawa ni kulileta Sanduku kambini ili liwaokoe. Wakalileta kwa shangwe kubwa. Kwa hisabu ya kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 4, siku hiyo waliuawa askari 30,000, na Sanduku lenyewe likatekwa. Walikuwa wamelitegemea Sanduku, na Mwenye Sanduku wamemsahau. Aya ya Taluti imesema kuwa ni alama ya ufalme wake, haikusema kuwa ndilo litakalopigana. Na baada ya kuja kwake, mto na Jaluti walikuwa bado wako mbele yao.

Twafika mtoni. Taluti alipotoka na majeshi aliwakhubiri kuwa Mwenyezi Mungu atawajaribu kwa mto: atakayekunywa si mwenzake, na asiyeonja ndiye mwenzake, ila achotaye kiasi cha kiganja cha mkono wake. Jaribio hili ni la ajabu kwa udogo wake. Hawakuambiwa watoe mali zao zote, wala wafunge mwezi mzima. Maji ni halali, tena ni ya mto, hayana mwenyewe wa kudhulumiwa. Kisha wakanywa, isipokuwa wachache. Twadhani kila mmoja wao alijiambia kuwa jambo hili si kitu, na kwamba siku ya mapambano ndipo atakapoonekana yeye ni nani. Na kwa hisabu ya dhahiri alikuwa na hoja, kwani askari mwenye kiu ana nguvu gani? Lakini nguvu waliyoitafuta kwa kuasi ndiyo iliyowatoa katika jeshi. Aliyeshindwa kumwamini Mola wake katika kiu ya saa moja, atamwamini vipi mbele ya mkuki?

Atauliza msomaji: kuwazuia maji watu wanaokwenda vitani, huku si kuacha sababu? Sivyo, na hapa twaomba asome polepole. Kiganja kimoja kimeruhusiwa. Kiganja hicho ndicho sababu, na mwenye kukichota hakutoka katika wenzake Taluti wala hakutiwa ila. Baba yule wa mtoto mgonjwa hakukatazwa kiganja, amejikataza mwenyewe, kisha amemkataza na mwanawe, hali Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu, na akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake.

(Wakristo humwita Taluti kwa jina la Sauli, na jaribio la maji limo katika kisa cha mtu wa kabla yake, Gideoni, aliyebakiwa na watu 300. Hatutaki kujadiliana nao hapa.)

Walipovuka, yeye na walioamini pamoja naye, wakasikika wengine wakisema kuwa leo hawana uwezo wa kumkabili Jaluti na majeshi yake. Wafasiri wamekhitalifiana juu ya waliosema maneno hayo. Wako waliosema ni wale walionywa. Walakin Swahaba Al-Baraa bin Azib, katika Hadithi iliyomo katika Bukhari, amesimulia kuwa idadi ya watu wa Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), ilikuwa sawa na idadi ya waliovuka mto pamoja na Taluti, mia tatu na kumi na kitu, na kwamba hakuvuka naye ila aliyeamini. Kwa hiyo twaelemea kauli ya kuwa wasemaji walikuwa ni waumini, watu waliokwisha kuzuia kiu zao.

Je, walikosa imani? Hatuoni hivyo. Walihesabu, na hisabu yao ilikuwa sahihi. Wenzao wenye yakini ya kukutana na Mwenyezi Mungu hawakuwaambia mmekosea hisabu, wala hawakudai kuwa sisi ni wengi. Jawabu yao ilikuwa kwamba ni mara nyingi kundi dogo limelishinda kundi kubwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Basi nao wamekiri udogo wao! Tofauti iko pale waliposimamisha hisabu: wale walisimama kwa Jaluti, na hawa waliendelea mpaka kwa Aliyemuumba Jaluti. Tena hawakusema kuwa kundi dogo hushinda kila siku. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), Waislamu kiasi cha 70 waliuawa, na Mtume wao yumo kati yao akimtegemea Mola wake kwa namna isiyofikiwa na yeyote katika sisi. Na siku hiyo hiyo alikuwa amevaa deraya mbili.

Ndipo wakaomba, baada ya kuvuka na baada ya kumkabili adui. Kwanza waliomba wamiminiwe subira, kisha miguu yao ithibitishwe, na nusura wakaiweka mwisho.

Wakawashinda kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na Daudi akamuua Jaluti. Qur'ani haikusema kwa silaha gani. Vitabu vya kale vyasema kwa kombeo na jiwe, na hilo si baidi, kwani mchunga huzoea kulenga. Kisha Mwenyezi Mungu akampa Daudi ufalme na hikima, akamfundisha aliyoyataka. Na miongoni mwa aliyomfundisha, kwa aya ya 80 ya Suratul-Anbiyaa, ni kuunda deraya za kuwakinga watu vitani. Katika Surat Sabaa, aya ya 10 na ya 11, twaambiwa kuwa alilainishiwa chuma, akaamrishwa aunde deraya pana na azipime vyema pete zake. Huyu ndiye aliyemwangusha Jaluti kwa mkono wake, na hakuwatoa askari wake vifua wazi. Alikaa akiunganisha pete moja kwa moja, naye ni mfalme na ni Nabii, akila kwa kazi ya mikono yake, kama alivyotueleza Mtume wetu (S.A.W.) katika Hadithi aliyoipokea Bukhari.